Bluu Chini ya Krimu

Rangi ya krimu hainuni. Brashi, fundi wa rangi, alikuwa ameipaka kwenye kuta za shule, kwenye milango ya maduka, kwenye mabango ya vinyozi na ya waoka mikate, na popote alipoipaka ilikaa imechangamka kama mtu aliyetoka kuoga. Hii ya kitanda cha mtoto ilikuwa imenuna. Kwa mbali hukuona kitu. Ukiisogelea ilikuwa na ubaridi fulani, kama midomo ya mtoto aliyekaa majini mpaka akaanza kutetemeka.

Alikizunguka kitanda, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia. Alijua hakuikosea. Aliichanganya mwenyewe, manjano kidogo, kahawia kidogo zaidi, akaijaribu juu ya kipande cha ubao, akaitazama juani na kivulini, ndipo akampa mumewe kopo aende nalo karakana. Rangi iliyotoka kwake ilikuwa na joto. Rangi iliyorudi ilikuwa na homa.

"Umefanywa nini wewe?" alikiuliza kitanda.

Nyuma ya ubao wa kichwani, mahali ambapo mtu mwenye haraka hudhani hapataonekana, rangi ilikuwa imefanya kiputo. Brashi akakitia ukucha. Krimu ikabanduka kwa utando mzima, laini kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na chini yake ikachungulia bluu.

Haikuwa bluu ya bahati mbaya. Ilikuwa ya mafuta, inang'aa, imepakwa kwa utulivu na kukauka kwa raha zake. Bluu ile ile ambayo watu hupaka vitu vya watoto wa kiume ili mgeni asihitaji kuuliza. Na juu yake mtu alikuwa amepitisha rangi ya maji bila hata kupiga msasa. Fundi wa rangi asingelifanya kosa hilo hata akiwa amelewa. Lilikuwa kosa la seremala: mtu anayeijua mbao mpaka kwenye kiini chake, halafu anaamini kwamba rangi ni nguo tu, kwamba ukivaa moja juu ya nyingine hakuna atakayejua.

"Randa!"

Mtaani walimpa mumewe jina hilo kwa ajili ya chombo chake cha kulainishia mbao, na likamganda kwa sababu alikuwa na kipaji cha kulainisha kila chenye kwaruzo. Wateja wakibishana karakana, yeye hulainisha. Mama yake na mkewe wakirushiana maneno jikoni, yeye hupita katikati na kulainisha, anacheka huku, anacheka kule, mpaka kila mmoja anaona ameshinda. Zamani Brashi aliipenda sana tabia hiyo. Alidhani ni upole.

Akaja na kikombe cha chai mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Akamtazama mkewe usoni, akatazama kitanda, akakiweka kikombe dirishani polepole sana.

"Hii ni nini?"

"Ipi?"

"Hii hapa ninayoishika kwa kidole."

"Aa, hiyo. Hiyo ni rangi ya chini tu, mke wangu. Ya kushikilia."

"Unamwambia nani? Mimi? Mimi ninayekula kwa rangi? Hakuna fundi anayeweka bluu chini ya krimu ila awe na sababu. Nipe sababu."

Randa akajikuna shingo. "Kulikuwa na bluu imebaki kwenye kabati la mteja fulani, nikaona isiharibike bure..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Kweli, mke..."

"Randa. Miguu yangu imevimba, mgongo unaniuma, na hasira niliyonayo sasa hivi haina pa kukaa ndani yangu kwa sababu mtoto amechukua nafasi yote. Itatoka. Sasa sema kabla haijatoka."

Akasema. Alisema akitazama sakafu, na hata hapo alijaribu kuyapiga randa maneno yake, akaanza na habari za afya ya mama yake na jinsi alivyokuwa mpweke siku hizo. Mwishowe hapakubaki pa kulainisha.

"Mama alikuja karakana kukiona kitanda."

"Na kwa nini akione kikiwa bluu?"

"Kwa sababu nilimwambia ni mtoto wa kiume."

Brashi alikaa juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa, akavitazama viganja vyake vilivyokuwa na madoa ya kijani.

Kipimo cha picha walikifanya pamoja. Daktari aliwauliza kama wanataka kuambiwa, Brashi akasema hapana, na Randa, akiwa amemshika mkono, akasema hapana vilevile, kwa sauti, mpaka muuguzi akacheka. Sababu walikuwa nayo. Dada yake Randa alikuwa na mabinti watatu, na Brashi alikuwapo hospitalini alipozaliwa wa mwisho. Alimwona mama mkwe akifunua shuka, akichungulia, akilirudisha. "Basi, mwanangu," alimwambia mzazi aliyekuwa bado anatoka jasho, "utajaribu tena." Kana kwamba aliyelala pale ni mkate ulioungua.

Siku ile Brashi aliapa kwamba wake atapokelewa kama mgeni anayepokelewa na watu wenye adabu: kwanza unamkaribisha, mengine utayajua baadaye. Ndiyo maana chumba hiki hakikuwa na waridi wala bluu. Kuta alizipiga chokaa nyeupe. Nusu ya chini Randa aliipigilia mbao za makreti, zimesimama wima kama za banda, naye Brashi akazipaka kijani cha majani yaliyoanza kukauka. Juu ya mbao aliwachora kuku kwa safu, kila mmoja na tabia yake, mmoja anadonoa, mmoja amegeuka kana kwamba ameitwa. Pembeni ng'ombe mwenye madoa, kondoo wawili, ndoo ya maziwa. Ngazi fupi ya mbao aliiegemeza ukutani ya kutundikia blanketi, na kitambaa cha magunia alikichemsha na kukifua mpaka kikalainika, akakishona pazia. Yeye alilelewa shambani kwa bibi yake, katika nyumba ambayo mtoto hakuulizwa ni wa nani kabla ya kupewa kikombe cha maziwa. Alitaka mwanawe afungue macho ndani ya nyumba ya namna hiyo, hata kama dirisha lake lilitazama duka la matairi.

Na chumba chenyewe kilikuwa cha Mzee, marehemu baba mkwe. Tangu afariki, mama mkwe alikifunga na ufunguo akauning'iniza shingoni. Nyumba ilikuwa yake. Brashi na mumewe walikaa kwenye chumba cha uani karibu na jiko, ambamo ukifungua kabati sharti ufunge mlango. Brashi alikiomba chumba hiki, akanyimwa. Akaomba tena, akaambiwa chumba cha Mzee hakilalwi na kila mpita njia. Halafu asubuhi moja mama mkwe akauvua ufunguo shingoni kwake na kumvalisha yeye, anatabasamu.

"Nilimbusu mkono," Brashi alisema. "Unakumbuka? Nililia nikambusu mkono. Nikasema kumbe mama huyu ana moyo, ni mimi niliyekuwa simwelewi. Na wewe ulisimama pale pale mlangoni, unanitazama nabusu."

"Nilitaka upate chumba."

"Ulikinunua chumba kwa uongo, na atakayeulipa ni mtoto! Hajavuta pumzi hata moja na tayari amemdanganya bibi yake. Akizaliwa binti, kosa lake la kwanza duniani litakuwa kuzaliwa."

"Lakini ni nusu kwa nusu, mke wangu. Anaweza akawa wa kiume kweli."

"Ee! Kumbe ulikuwa unacheza kamari na mwanangu!"

"Acha azaliwe kwanza. Mama akishamwona, akishamshika, moyo utalainika."

"Wa tatu wa dada yako alimlainisha? Wa pili je? Huyo Mama unayemsema ni yupi, maana mimi wa kwangu namjua." Alisimama, akiegemea ngazi. "Nisikilize vizuri. Leo baada ya chakula anakuja na wifi kukiona chumba. Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako, mbele yangu."

"Nitamwambia."

"Usilainishe."

"Nimesema nitamwambia, jamani."

Walipokuja, Brashi alikuwa amekigeuza kitanda, kile kidonda cha bluu kikatazama ukuta. Alijichukia kwa kufanya hivyo. Lakini alitaka bluu itoke mdomoni mwa mwenyewe, si kwenye ubao.

Mama mkwe alitangulia, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu anayekwenda kukagua. Nyuma yake wifi, mkoba begani, midomo imejiandaa kucheka kabla hata hajasikia cha kuchekesha. Alikuwa mtu wa namna hiyo, alijifunza kucheka mapema ili wengine wasimtangulie.

"Haya," mama mkwe alisema, akizunguka. "Haya. Mmefanya kazi. Nyeupe, safi. Mzee angependa, alikuwa mtu wa usafi." Akasimama mbele ya kuku, akawahesabu kwa macho. "Jogoo yuko wapi?"

"Hakuna jogoo, Mama," Brashi alisema.

"Kuku wote hawa, hakuna jogoo? Nani anawaamsha?"

"Wana saa," wifi alisema.

"Sikuulizi wewe. Mkwe wangu, mchoree mtoto jogoo hapa katikati. Mkubwa, na kilemba chake. Na huyu ng'ombe, ni dume?"

"Ni ng'ombe."

"Naona ni ng'ombe. Dume au jike?"

"Bado hajaniambia, Mama."

Wifi akakohoa kicheko ndani ya kiganja. Mama mkwe aliinama na kumkagua ng'ombe mahali panapohusika, ambapo Brashi kwa makusudi alikuwa amechora majani marefu, akainuka hajaridhika.

"Shamba gani hili lisilo na dume hata mmoja. Shauri yenu. Lakini pazia hili la magunia linatoka, tafadhali. Mjukuu wangu wa kiume si viazi. Na kama kitanda mmekiondolea bluu yake, bluu nimeileta mimi." Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa pazia la bluu, limekunjwa vizuri, bado lina harufu ya duka. Brashi alimtazama Randa. Randa alikuwa ameinama anakagua bawaba ya mlango, bawaba nzima kabisa, aliyoifunga mwenyewe.

"Na hiki," mama mkwe alisema, na sauti yake ikabadilika.

Kilikuwa kishati kidogo, cha mistari ya kijivu, kimeshonwa kwa mkono. Kola imekaa kama ya mtu mzima. Brashi aliitambua mistari ile kutoka kwenye picha ya sebuleni: lilikuwa shati la Mzee. Mama huyu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano bila miwani na tochi, alikuwa amelikata shati la mumewe na kulishona upya kwa kipimo cha mtoto mchanga.

"Katika nguo zake, hiyo tu sikuigawa," alisema. "Nikasema ikae. Itapata mwenyewe. Na jina lake atalichukua vilevile. Nimeshawaambia wote."

Kwa kitambo Brashi alisahau hasira yake. Alikipokea kishati, akakishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya madoa ya rangi, akaziona shono, ndogo ndogo, nyingine zimekwenda upande. Kama mama mkwe angenyamaza hapo, huenda Brashi naye angenyamaza, na huenda uongo ungeendelea kulala chini ya krimu mpaka siku ya kuzaa.

Mama mkwe hakunyamaza. Alimgeukia binti yake. "Na wako ningewashonea. Lakini utamvalisha nani shati la Mzee? Ulinijazia nyumba wageni tu."

Wifi alicheka. Alicheka vizuri, kama kawaida yake, akarekebisha mkoba begani. "Wageni wenyewe walilala sebuleni sakafuni, Mama. Likizo zote. Yule mdogo aliniuliza chumba hiki kina nini, kwa nini hakifunguliwi. Nikamwambia kina simba."

"Sasa ungetaka walale juu ya kitanda cha Mzee?"

"Sikutaka chochote," wifi alisema, na safari hii hakucheka.

Brashi alikiweka kishati juu ya godoro, kwa adabu, akailaza mikono ya shati pembeni.

"Mama," alisema, "Randa ana neno anataka kukuambia."

Randa akainuka kutoka kwenye bawaba. Wanawake watatu walimtazama. Alifungua mdomo, na Brashi akaona kabisa neno likija, akaona likifika kwenye meno, akaona likigeuka.

"Ndiyo. Mama, nilitaka kukuambia kwamba... kitasa cha mlango huu kinataka mafuta. Kinakwama."

"Kitasa," Brashi alisema.

"Mke wangu, twende taratibu..."

"Kitasa! Haya, ngoja nikutilie mafuta mimi." Alikishika kitanda kwa nguvu akakigeuza, magurudumu yake ya mbao yakalia. Akatia ukucha kwenye kiputo na kuvuta, na utando wa krimu ukatoka mrefu kama kiganja. "Tazama, Mama. Ulionyeshwa bluu, mimi nikaonyeshwa krimu. Kitanda kimoja. Hakuna aliyetuambia mtoto ni nani. Daktari hakutuambia, tulikataa kuambiwa, huyu hajui, mimi sijui, wewe hujui. Alikuambia ni wa kiume ili utoe ufunguo. Basi. Nimejua leo asubuhi na nilimpa nafasi akuambie mwenyewe, naye amekuambia habari za kitasa."

Mama mkwe hakumtazama yeye. Alimtazama mwanawe.

"Kweli, baba?"

"Mama, sikudanganya hasa hasa, nilisema kwa matumaini tu kwamba..."

"Nimekuuliza kitu kidogo."

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe alikaa juu ya ndoo, ile ile aliyokalia Brashi asubuhi, na kwa muda alionekana mzee kuliko siku zote. Brashi alingoja ajisikie vibaya. Hakujisikia. Alijisikia kama mtu aliyetapika kitu kilichomkaa tangu jana.

"Nimewaambia majirani," mama mkwe alisema. "Nimewaambia wadogo zangu wote. Nimekata shati la mume wangu." Kisha akanyooka, na uzee ukamtoka, ikabaki ile sura ya kukagua. "Toeni vitu vyenu. Chumba hiki nilikitoa kwa mjukuu wa kiume. Kama hajulikani, hakina mtu. Akizaliwa wa kiume, atarudi. Sina ubaya."

"Umeona?" Randa alisema haraka, mikono imeinuka, tayari anapitisha randa. "Si vibaya, mke wangu. Tunahamia kule kwa muda tu. Tusubiri. Akiwa wa kiume tunarudi, akiwa..."

"Harudi," Brashi alisema.

"Nani?"

"Mtoto wangu. Akitoka humu leo, ametoka. Hatafanyiwa mtihani mlangoni, avuliwe nepi ndipo afunguliwe. Wa kiume harudi, wa kike harudi." Alimgeukia mama mkwe. "Chumba ni chako, Mama, na haki unayo. Sitakuomba tena na sitakununia. Lakini mtoto ni wangu, na anayetaka kumwona atakuja uani kwetu, kule kwenye moshi wa jiko. Atakuja kumwona binti vile vile ambavyo angekuja kumwona kijana. Asiyeweza, asije."

"Unanifukuza kwa mjukuu wangu ndani ya nyumba yangu?"

"Nakukaribisha. Nakuonyesha mlango ni upi."

Wifi alikuwa ameshika ngazi ya blanketi kwa mikono miwili, macho yake makavu na makubwa. "Ee wifi yangu," alisema polepole. "Mimi miaka yote hii nilikuwa nacheka tu."

Brashi alitoka. Walimsikia akienda uani, wakamsikia akifungua mlango kwa kelele. Aliporudi alikuwa amebeba mto wa Randa, shuka lake, na kandambili zake, kandambili ziko juu. Akaushusha mto sakafuni, chini ya kuku.

"Nini hiki?" Randa aliuliza.

"Chumba cha mtoto wa kiume kisikae bure. Mama amesema. Nami nikafikiri, mtoto wa kiume si yupo? Huyu hapa, amekwisha kuzaliwa, ana ndevu. Lala humu."

"Mke wangu, watu watasema nini?"

"Watasema unalala na kuku. Ukitaka, mwambie Mama akuongezee jogoo."

Hapo wifi alishindwa. Alicheka mpaka akateleza na kukaa chini, mgongo ukutani, mkoba umemwangukia mapajani, na kicheko chake kilikuwa na kitu kingine ndani yake kilichomtoa machozi, akayafuta kwa pindo la pazia la bluu. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mwanawe aliyesimama kati ya kondoo na ndoo ya maziwa, mtu mzima, fundi wa watu, kandambili mkononi.

"Atalala humu mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka ajifunze kusema neno moja lililonyooka. Wewe ndiye uliyemlea, Mama. Utajua inachukua muda gani."

Neno hilo lilimchoma mama mkwe, na Brashi aliona limemchoma, wala hakulirudisha. Alikishika kitanda upande wa kichwani na kuanza kukivuta kuelekea mlangoni. Magurudumu yalikwama kwenye kizingiti. Akainama akiinue.

"Acha!" mama mkwe alifoka. Alikuwa amesimama, ndoo imepinduka nyuma yake. "Una wazimu? Mwenye mimba anabeba mbao? Uniharibie mjukuu?"

"Mjukuu yupi, Mama?"

"Huyo huyo! Uliyenaye tumboni, una wajukuu wangu wengine umewaficha wapi? Toka hapo, shika upande wa miguuni, ndio mwepesi. Fyatu kabisa, huyu mwana. Na ulimi wako huo." Alishika ubao wa kichwani mwenyewe, akajikunja, akainua. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. "Usifikiri nimekusamehe."

"Wala mimi sijakusamehe. Yale uliyomwambia wifi hospitalini nayakumbuka neno kwa neno."

"Yale ni mambo ya zamani. Inua!"

"Ana masikio mpaka leo. Muulize kama ni ya zamani."

"Nitamuuliza nikitaka mimi. Usinifundishe kusema na mwanangu. Kushoto, kushoto, unagonga ukuta!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

Walikwenda hivyo ukumbini kote, wanabishana, kitanda kati yao kinayumba, godoro na kishati vikiteleza upande huu na upande ule, wifi nyuma yao na ngazi begani na pazia la magunia shingoni. Mlango wa uani ulikuwa mwembamba. Kitanda kilikataa kupita kikiwa kimesimama, kikakataa kikiwa kimelala, na wale wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wakaanza upya: kigeuze, hakigeuki, ungekisukuma ungeona, nikisukume na tumbo hili?

Randa alitokeza kichwa kutoka chumba cha Mzee. Hii ilikuwa kazi yake hasa. Milango na mbao ndivyo alivyovijua kuliko wote.

"Jamani, niwasaidie?"

"Kaa humo humo!" walisema wote wawili kwa pamoja, bila kugeuka, kisha wakarudi kwenye ugomvi wao.